Sikio Linalolala na Njaa: Kipimo cha Usikivu kwa Mtoto Mchanga

Nyumba nyingi za Mtwara zina kipimo chao cha usikivu, na hakihitaji umeme. Mtoto kalazwa mkekani, bibi anazunguka nyuma ya kichwa chake kimyakimya, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Pwaa! Mtoto akishtuka na kutupa mikono juu, mjadala umefungwa: anasikia huyu. Niliwahi kukaa uani Mikindani nikishuhudia kipimo hicho kwa mtoto wa shemeji yangu, umri wiki tatu. Bibi aligonga mara mbili. Ya kwanza mtoto alishtuka, ya pili hakutikisika hata kope. Uani tulikuwa watu sita, na wote tukakubaliana kuihesabu ile ya kwanza.

Tusimcheke bibi. Miaka ya 1960, huko Denver nchini Marekani, mtaalamu wa usikivu Marion Downs alianza kuwapima watoto wachanga hospitalini kwa njia isiyo mbali sana na hiyo: kifaa kinatoa sauti, watu wanamkodolea mtoto macho waone kama atapepesa, ataacha kunyonya au atashtuka. Alichokuja kukigundua yeye na wenzake ndicho kilichotokea pale uani. Anayetazama huona anachokitaka.

Lakini tatizo la sufuria haliishii kwenye macho ya watazamaji. Sufuria ikigongwa karibu, sakafu inatetema, upepo kidogo unapiga shavu, kivuli kinapita. Mtoto asiyesikia kabisa anaweza kushtushwa na kimojawapo kati ya hivyo. Kinyume chake, mtoto anayesikia vizuri akishashtuliwa mara moja huweza kuizoea sauti na kuendelea na usingizi wake. Kwa hiyo jibu la "ndiyo" linaweza kuwa la uongo, na la "hapana" vilevile. Kisha kuna masikio mawili: likiwa zima moja tu, mtoto atashtuka kama kawaida.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba uziwi hauji kwa namna moja. Watoto wengi wenye tatizo husikia kitu fulani. Watasikia ngoma, pikipiki, mlango ukibamizwa na upepo wa kusi. Wasichokisikia ni sauti nyembamba za matamshi, zile za s, f na sh. Kwa mtoto wa namna hiyo, suka, fuka na shuka ni neno moja. Sufuria haiwezi kumgundua, kwa sababu sufuria haijawahi kutamka s.

Wala usitegemee kilio. Mtoto asiyesikia hulia kama wengine, hucheka na kusema "aguu" kama wengine katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa sauti hizo hazihitaji sikio. Tofauti huanza kujitokeza kwenye nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, pale wenzake wanapoanza "bababa" na "mamama" zilizo wazi, naye anachelewa. Hapo nyumba inajifariji: hata baba yake alichelewa kuongea. Mwaka unapita, wa pili unaingia. Hata Marekani, kabla ya kuanza kuwapima watoto wote wanapozaliwa, uziwi wa kuzaliwa nao ulikuwa ukigunduliwa mtoto akiwa na umri wa miaka miwili hivi au miwili na nusu.

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Mtoto wa siku mbili hawezi kuinua mkono kusema "nimesikia." Inakuwaje apimwe?

Jibu ni kwamba mtoto haulizwi kitu. Linaulizwa sikio lenyewe.

Sauti ikiingia tunduni hupiga kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio, kiwambo kinavitikisa vifupa vitatu vidogo, nyundo, fuawe na kikuku, na hivyo navyo vinasukuma majimaji yaliyomo ndani ya koklea. Koklea ni mrija uliojikunja kama kombe la konokono wa pwani, ila yote ni ndogo, karibu sawa na punje ya mbaazi mbichi. Ndani yake zimejipanga seli zenye vinyweleo, za aina mbili. Safu ya ndani ina seli kama 3,500, na hizi ndizo hasa zinazopeleka habari kwenye ubongo. Safu za nje zina kama 12,000, na kazi yake ni ya ajabu zaidi: hurefuka na kufupika kufuatana na sauti, zikiikuza ile hafifu ili wenzao wa ndani waipate. Ni kipaza sauti kilichoumbwa kwa nyama. Binadamu anazaliwa nazo zote, zikifa hazioti tena.

Mwaka 1978, David Kemp, mwanafizikia wa London, alionyesha jambo ambalo wengi hawakuliamini mwanzoni. Seli hizo za nje zikicheza, mtikisiko wake hurudi kinyumenyume: kutoka kwenye majimaji, kupitia vifupa, hadi kwenye kiwambo, na kutoka nje kama sauti ndogo mno. Sikio zima, ukiliita, linaitika. Sauti hiyo hakuna mtu awezaye kuisikia kwa sikio lake, lakini maikrofoni nzuri inaipata.

Kipimo cha kwanza kimejengwa juu ya mwitiko huo. Nilikishuhudia kwa karibu, kwa mtoto yuleyule wa shemeji yangu. Mtoto alikuwa ameshiba, kalala mapajani kwa mama yake, mdomo bado unanyonya hewa. Nesi alichukua kijiti chenye ncha ya mpira laini, akalivuta sikio kidogo kwa chini na nyuma ili tundu linyooke, akachomeka. Ndani ya kile kijiti mna spika ndogo na maikrofoni. Milio midogo ya haraka ikaanza kutoka, sisi hatukuisikia, mistari kwenye kioo cha mashine ikawa inapanda mmoja mmoja. Sikio la kulia lilimalizika kabla sijapata swali la kuuliza. La kushoto likasumbua: mtoto mwingine akalia kitanda cha pili, feni ikawa inapiga kelele, mtu akaangusha trei. Kila kelele ilipotokea mashine iliacha kuhesabu, ikangoja. Nesi akazima feni. Tukakaa kwenye joto la Machi dakika kadhaa bila mtu kusema neno, kisha mashine ikaandika kwamba kushoto arudiwe.

Shemeji yangu akaanza kulia. Na hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Mashine hizi haziandiki "kiziwi." Zina majibu mawili tu, amepita au arudiwe. Kurudiwa maana yake mashine haikupata mwitiko ulio wazi leo, katika sikio hili. Sababu zinaweza kuwa nyingi, na nyingi kati yake ni za kupita tu. Ya kwanza ni uchafu wa kuzaliwa: ule utando mweupe unaoganda mwilini mwa mtoto na majimaji ya tumboni huingia pia kwenye tundu la sikio na nyuma ya kiwambo, na huchukua siku moja, mbili au zaidi kukauka. Mtoto akipimwa saa chache baada ya kuzaliwa, uwezekano wa kuambiwa arudiwe ni mkubwa kuliko akipimwa siku ya tatu. Ya pili ni kelele. Ya tatu ni mtoto mwenyewe kutotulia.

Tuzipige hesabu. Uingereza, ambako kila mtoto hupimwa, watoto 2 hadi 3 katika kila 100 hawatoi mwitiko ulio wazi kwenye uchunguzi wa awali na hupelekwa kwa wataalamu. Katika watoto 1,000, hao ni 20 hadi 30. Lakini wanaokuja kuthibitika kuwa na tatizo la kudumu la kusikia, sikio moja au yote, ni 1 hadi 2 katika 1,000. Maana yake, ukiwakusanya wote walioambiwa warudiwe, walio wengi mno wanasikia vizuri. Basi mama hana sababu ya kulia siku hiyo. Ila hana pia sababu ya kutorudi, kwa kuwa yule mmoja au wawili wamo humohumo miongoni mwa wale 30, na kwa macho hawatofautiani na wenzao. Nimewasikia wazazi wakisema "walituambia ni kawaida, hatukurudi." Sentensi hiyo nusu yake ni kweli, na nusu ya pili ndiyo inayomponza mtoto.

Kipimo cha pili kinauliza swali tofauti. Mwitiko wa koklea unatuambia kwamba sikio linafanya kazi hadi kwenye zile seli za nje, basi. Kama habari inakatika huko mbele, kwenye mshipa wa kusikia au shina la ubongo, kipimo cha kwanza hakitajua. Ni kama umeme kufika kwenye nguzo ya mtaani bila kufika kwenye taa ya chumbani. Kwa hiyo kipimo cha pili hubandika vipande vidogo vya kunasa umeme kwenye ngozi, paji la uso, kisogoni na begani au shavuni kutegemea mashine, halafu kinatoa milio ya chini, desibeli 35 kwa kawaida, karibu na mnong'ono. Mashine inasoma kama umeme mdogo wa ubongo umebadilika kila mlio unapotoka. Haumi, na mtoto anaweza kulala muda wote.

Tofauti ya vipimo hivi ina uzito kwa baadhi ya watoto kuliko wengine. Mfano mzuri ni mtoto aliyepata manjano kali. Manjano ikizidi kiwango, kile kinachosababisha ngozi kuwa ya njano huingia kwenye ubongo na kuumiza njia ya kusikia, huku koklea ikibaki salama. Mtoto huyo anaweza "kupita" kipimo cha kwanza na bado asipate maneno. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mtoto aliyelazwa chumba cha uangalizi maalumu zaidi ya siku tano, njiti hasa, apimwe kwa kile cha ubongo. Kwa kuwa tumeigusa manjano, niseme na hili: kwa ngozi zetu haionekani upesi, hivyo tazama macho, fizi na viganja, na kumwanika mtoto jua la asubuhi si mbadala wa taa za hospitali ikiwa imeshapanda.

Wengine walio kwenye hatari zaidi ni waliochelewa kulia walipozaliwa, waliozaliwa chini ya kilo moja na nusu, waliougua homa ya uti wa mgongo, na wale ambao mama zao walipata rubella, kaswende au kirusi cha sitomegalo wakati wa ujauzito. Kaswende hupimwa kliniki ya wajawazito na hutibika kwa sindano ya penisilini. Rubella ina chanjo, ambayo Tanzania tangu 2014 huitoa pamoja na ya surua. Kuna pia jentamaisini, sindano inayookoa watoto wenye maambukizi makali na ambayo kwa baadhi yao huumiza zile seli zenye vinyweleo. Mzazi asiikatae sindano hiyo, maana maambukizi ya mtoto mchanga huua kwa siku chache. Aombe tu kwamba usikivu upimwe baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Mtu atasema basi tuwapime hao wenye hatari tu, tuokoe fedha. Wengi walianza hivyo. Kasoro yake ni kwamba karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na tatizo la kudumu hawana dalili yoyote ya hatari: mimba nzuri, kilo tatu na kitu, kilio cha nguvu, ukoo mzima unasikia. Wengi wao wamerithi chembe za uziwi kutoka kwa wazazi wawili ambao wenyewe hawana tatizo. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wasiosikia wana wazazi wanaosikia.

Kwa nini haraka hii yote, na mtoto hata shingo bado? Wahenga walisema sikio halilali na njaa, wakimaanisha kwamba habari haikosi kulifikia. Kwa bahati mbaya kuna masikio yanayolala na njaa kila siku. Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni, kwenye miezi mitatu ya mwisho, na anazaliwa akiijua sauti ya mama yake. Asiyesikia amekwishaachwa nyuma kabla ya kukatwa kitovu. Ubongo wa miaka ya mwanzo unajijenga kwa kile unacholishwa, na sehemu iliyotengwa kwa lugha isipopata lugha haikai ikisubiri. Mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado walilinganisha watoto wasiosikia waliogunduliwa kabla ya miezi sita na waliogunduliwa baada ya hapo. Wale wa mwanzo walikuwa mbele kwa lugha, na sababu haikuwa fedha za wazazi wala ukubwa wa tatizo. Ni tarehe ya kugunduliwa.

Angalia nimesema lugha, sikusema kuongea. Hapo kuna fundo jingine. Mitaani tunamwita mtu "bubu" kana kwamba ana ugonjwa wa pili kooni. Wengi wa tunaowaita hivyo koo zao hazina ubaya wowote. Hawakusikia maneno, basi hawakuyapata. Na lugha inaweza kuingia kwa macho. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, na mtoto anayeanza kuiona mikononi mwa mama yake akiwa na miezi mitano hapungukiwi kitu kichwani. Shule za viziwi tunazo kwa muda mrefu, ya Tabora ilianza 1963, na Buguruni inajulikana na wengi, lakini shule hupokea mtoto mkubwa. Mtoto anayefika darasani na miaka saba bila lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono, amepoteza kitu ambacho mwalimu hana uwezo wa kukirudisha chote.

Ratiba inayofuatwa na wataalamu ni rahisi kukumbuka: moja, tatu, sita. Kupimwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, kuanza msaada kabla ya miezi sita. Kwa Kusini yetu ratiba hiyo ina mawe njiani. Mama anajifungua zahanati, kesho yake yuko nyumbani, na siku hiyo ya kwanza ndiyo ambayo sikio bado lina majimaji. Akiambiwa arudi wiki ya pili, nauli ya bodaboda kutoka vijiji vya ndani vya Liwale au Nanyumbu ni hesabu nyingine, na ukiingia msimu wa korosho nyumba nzima imehamia shamba. Mimi naona siku inayofaa ipo tayari, na akina mama wanaijua kwa moyo: chanjo ya wiki ya sita. Mtoto analetwa hata hivyo, sikio limekauka, kadi iko mkononi. Afrika Kusini watafiti wamejaribu kupima usikivu kwenye kliniki za chanjo kwa mantiki hiyohiyo. Wiki ya sita imeupita ule mwezi mmoja, kweli, lakini inaacha nafasi ya kutosha kabla ya miezi mitatu.

Mzazi asisubiri utaratibu ukamilike ndipo aulize. Rufaa inaweza kuanzia zahanati ya kijijini kwenda Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na kutoka huko kwenda mbele. Neno la mama kwamba "huyu mtoto naona hasikii vizuri" limo kwenye orodha ya wataalamu ya dalili za kufuatiliwa, sawa na manjano au njiti. Akijibiwa kwamba atakua tu, ana haki ya kuomba iandikwe kwenye kadi kwamba ameuliza.

Aliyepita naye asisahauliwe. Kupita ni jibu la siku ile. Kuna usikivu unaopotea taratibu baada ya kuzaliwa, kwa kurithi au kwa kirusi cha sitomegalo, na kuna homa ya uti wa mgongo inayoweza kuuzima usikivu ndani ya siku chache. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake apimwe upya, hata kama kadi yake ina alama nzuri.

Na ikithibitika kweli? Wengi wanaosikia kwa kiasi husaidiwa na shimesikio, kifaa cha kukuza sauti, ambacho mtoto wa miezi michache anaweza kuvaa, ingawa kile kipande cha sikioni kitabadilishwa mara kwa mara kadiri sikio linavyokua. Wenye uziwi mkubwa wanaweza kupandikizwa kifaa ndani ya koklea. Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017, ambapo kabla yake wagonjwa walipelekwa nje ya nchi. Gharama bado ni kubwa, na kutoka Mtwara ni kilomita zaidi ya 550 kwa kila safari ya kurekebisha kifaa, kwa hiyo familia ipige hesabu ya miaka, isiwe ya siku ya upasuaji peke yake. Lugha ya alama haina sababu ya kungoja uamuzi huo. Inaweza kuanza jioni ileile.

Mtoto wa shemeji yangu alirudishwa baada ya wiki mbili. Asubuhi, feni imezimwa mapema, mtoto kashiba. Kushoto ikapita. Tulipofika nyumbani bibi alikuwa barazani anachambua mchele, akasikiliza maelezo yote ya kijiti na maikrofoni na mistari inayopanda, hakukatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo anasikia," akasema.

"Anasikia, bibi."

"Sufuria yangu ilishawaambia," akajibu, akarudi kwenye ungo wake.